Uzoefu Wangu: Mafunzo ya Zimamoto na Huduma za Dharura Nikiwa Haiskuli, Ohio

Wazazi wengi wa Kikongo hapa Columbus huniuliza kama wawaruhusu watoto wao kuacha sehemu ya ratiba ya kawaida ya haiskuli ili wakasome katika kituo cha ufundi, hususan programu ya zimamoto, wagonjwa wa dharura na usalama, yaani kazi za polisi. Niliisoma nikiwa darasa la 11 na la 12, miaka michache baada ya familia yetu kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa ninafanya kazi kwenye gari la wagonjwa. Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa sababu ambazo vipeperushi vya programu havizitaji, na kwa sharti moja kuhusu cheti.

Kwa wasioufahamu utaratibu wenyewe: Ohio, wilaya kadhaa za shule huungana na kuendesha kituo kimoja cha ufundi, na wanafunzi hupelekwa huko kwa basi la shule. Kwa kuwa ni shule ya umma, hakuna karo. Sehemu ya fedha hutoka serikali kuu kupitia sheria ya Perkins, yaani sheria ya kufadhili elimu ya ufundi, ambayo ilihuishwa mwaka 2018. Hata hivyo sare, buti na ada za mitihani vinaweza kumwangukia mzazi, na ni vyema kuuliza mapema, kwa sababu vituo vingine huvilipia vyote na vingine havilipii chochote.

Sehemu ya huduma kwa wagonjwa ndiyo kiini cha programu, na ndiyo iliyonifanya nisikate tamaa wakati Kiingereza cha vitabuni kilipokuwa bado kinanilemea. Mkufunzi wetu, mzimamoto mstaafu, alikuwa akitulaza kwenye ngazi, chini ya meza na ndani ya choo chembamba, kwa kuwa wagonjwa hawachagui pa kuangukia, na kila mmoja wetu alitakiwa kumtoa mwenzake hapo na kumfikisha kwenye machela bila kuipinda shingo yake. Kwa mtu ambaye moyo wake umesimama, tulifundishwa kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 na kisichozidi 6, na kukiacha kirudi juu chenyewe kila mara. Mdoli wa mazoezi ulikuwa na taa zinazoonyesha kama umefikisha kina na kasi inayotakiwa. Ni hapo nilipoelewa kwa nini waokoaji hupokezana kila baada ya dakika mbili: mikono huchoka kabla wewe mwenyewe hujakubali kwamba umechoka, na taa zinaanza kuzimika moja baada ya nyingine.

Tulijifunza pia kupima presha kwa masikio badala ya mashine, tukiwa nyuma ya gari linalotembea, ambako mngurumo wa injini huimeza sauti ya mapigo. Ukiulaza mkono wa mgonjwa juu ya paja lako na kuinua visigino vyako kutoka sakafuni, mtikisiko hupungua na sauti inasikika. Ninautumia ujuzi huo kila zamu hadi leo. Zaidi ya darasa, kuna saa za kukaa na wagonjwa halisi, hospitalini au kwenye gari, chini ya usimamizi, na ningemshauri mzazi aulize saa hizo ni ngapi kabla ya kuuliza jambo lingine lolote, kwa sababu mwanafunzi aliyewaona wagonjwa wachache sana hutetemeka siku ya kwanza ya kazi hata kama alama zake za darasani zilikuwa za juu.

Upande wa zimamoto ulikuwa mgumu kwa mwili. Tulizoea kuvaa suruali, koti, buti, kofia na mtungi wa hewa ndani ya dakika moja, kisha kutambaa gizani barakoa ikiwa imezibwa, tukifuata mpira wa maji kwa mkono ili kupata njia ya kutokea. Tulifundishwa kwamba mtungi ulioandikwa dakika 30 unaweza kuisha kabla ya dakika 20 ukiwa unafanya kazi nzito au unahema kwa hofu, na kwamba kengele ya hewa ikilia unapaswa uwe tayari njiani kutoka. Wasichana wenye miili midogo, mimi nikiwa mmoja wao, tuliyamudu yote hayo kwa kufundishwa mbinu za kubeba kwa miguu badala ya mgongo. Kwa hilo ninawapa wakufunzi sifa zote.

Siku moja mkufunzi alitueleza habari za Freedom House, huduma ya magari ya wagonjwa iliyoanzishwa Pittsburgh mwaka 1967, ambapo wakazi weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana ajira, walifundishwa chini ya daktari Peter Safar na kuwa miongoni mwa watu wa kwanza Marekani kutoa matibabu ya kitaalamu wakiwa njiani kwenda hospitali. Nikiwa Mwafrika pekee darasani, habari hiyo ilinipa nguvu kubwa.

Sehemu ya polisi na sheria ilikuwa dhaifu kuliko zote. Tulisoma haki za raia, uandishi wa ripoti na kazi ya mpokea simu za 911, namba ya dharura ya Marekani, na mambo hayo yana faida, lakini idara nyingi za polisi huajiri kuanzia miaka 21, na nyingi hudai uraia. Kijana anayemaliza akiwa na miaka 18 na kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia) asidhani kwamba kozi hii itamfikisha huko moja kwa moja. Programu ingemweleza hivyo siku ya kwanza.

Jambo lililoniumiza ni mkutano wa wazazi. Mama yangu aliketi saa nzima bila mkalimani, akatia sahihi fomu za chanjo na za hatari za mazoezi ambazo hakuzielewa, nami nikamtafsiria kwa kunong'ona huku wengine wakigeuka kututazama. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Ombeni mkalimani wa Kiswahili kwa maandishi kabla ya mkutano, na msikubali mtoto afanye kazi hiyo.

Sasa kuhusu cheti. Kumaliza darasa hakumfanyi mtu kuwa EMT, yaani mhudumu wa wagonjwa wa dharura mwenye kibali. Ni lazima afanye mtihani wa taifa wa National Registry, taasisi inayowatahini na kuwapa vyeti wahudumu wa dharura, ambayo makao yake yako hapa hapa Columbus, kisha apate kibali cha jimbo. Mtihani huo hufanywa kwenye kompyuta kwa Kiingereza, una maswali kati ya 70 na 120, na kompyuta huchagua swali linalofuata kulingana na jinsi ulivyojibu yaliyotangulia. Umri wa kupewa kibali hupangwa na kila jimbo, na katika majimbo mengi ni miaka 18. Kwa hiyo muulizeni mshauri wa wanafunzi maswali haya na mumtake ajibu kwa uwazi: je, kozi inampa mwanafunzi haki ya kufanya mtihani huo, nani analipa ada, na mwanafunzi ambaye bado hajafikisha umri atasaidiwaje kuutunza ujuzi wake akiwa anasubiri? Maombi ya vituo vingi hupokelewa miezi mingi kabla ya masomo kuanza Agosti, kwa hiyo mwenye mtoto wa darasa la 10 aulize mara tu baada ya Krismasi.