Pete ya dapivirini: ifahamike kwa wanawake wa Bukavu

Kuna mama wa Kadutu au Panzi ambaye bwana wake hataki hata kusikia habari ya kapoti. Tunampendekezea pete hii ya kukinga VVU bila kusita, ila aijue vizuri kwanza.

Ni duara la silikoni laini, upana milimita 56, lenye miligramu 25 za dapivirini, dawa ya kuzuia VVU. Hukaa ukeni mwezi mzima, usiku na mchana, hedhi ikiwemo. Dawa hupenya kidogo kidogo palepale VVU vinapoingilia na kuvizuia visizaliane. Kwenye damu hufika kidogo sana. Katika mwezi hutoka kama miligramu 4 tu. Zilizobaki zisikudanganye: kasi ya kutoka huwa imeshashuka, kwa hiyo badilisha kwa tarehe yake.

Kuivaa, nawa mikono, chuchumaa au weka mguu mmoja juu ya kiti, ibane pete pande mbili zigusane, isukume ndani hadi usiisikie tena. Ikikusumbua unapotembea, haijafika juu. Isukume kwa kidole. Haiwezi kupotelea tumboni. Kinga yake huanza baada ya saa 24, na kila ukiitoa unapoteza kinga hiyo.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Huitoa kabla ya tendo wakiogopa bwana ataigusa, au kwa ajili ya kujiosha ndani kwa vidole. Ikidondoka mahali safi, isuuze kwa maji safi bila sabuni, uirudishe. Ikiangukia chooni, hiyo imekwisha, vaa mpya.

Nguvu yake ni ya kiasi. Majaribio ya ASPIRE na Ring Study, yaliyotangazwa 2016, yalionyesha pete ikipunguza maambukizi kwa asilimia 27 na 31. Ndani ya ASPIRE, waliozidi miaka 21 walifikia kinga ya asilimia 56. Wa miaka 18 hadi 21 hawakuonekana kukingwa, na ndio waliokuwa na uvaaji hafifu. Jeli ya ukeni yenye tenofoviri, dawa nyingine ya VVU, baada ya kufikia kinga ya asilimia 39 katika jaribio la CAPRISA 004 mwaka 2010, ilishindwa katika jaribio la FACTS 001 kwa sababu wengi hawakuipaka kila tendo. Pete haikungojei ukumbuke saa ya tendo, na kwetu hiyo ndiyo thamani yake kubwa.

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Januari 2021 kama nyongeza. Anayeweza kumeza kila siku kidonge cha PrEP, yaani dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa, au kupata sindano yake, ana kinga yenye nguvu zaidi. Pete haizuii mimba, kaswende wala kisonono, na haikingi tendo la nyuma.

Usiinunue kwa mchuuzi. Lazima upimwe VVU kabla ya pete ya kwanza na mara kwa mara baadaye, maana ukiwa umeambukizwa, dawa hii moja pekee inaweza kuzalisha virusi sugu.