Plasta ya nitrogliserini: nzuri, mradi ibandikwe usiku

Si kila duka la dawa Kisumu au Nakuru huweka plasta hii ya nitrogliserini, dawa inayolegeza mishipa ya damu, kwa hiyo piga simu kwanza, na uwe na karatasi ya daktari. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: maumivu ya kifua yanayotokea mishipa ya moyo inapojikaza ghafla, hali ambayo daktari wa moyo Myron Prinzmetal na wenzake waliieleza mwaka 1959.

Maumivu haya humpata mtu akiwa amepumzika, mara nyingi kati ya usiku wa manane na alfajiri. Wagonjwa wengi wa moyo huambiwa wabandike asubuhi na kubandua wakienda kulala. Kwa ugonjwa huu, utaratibu huo huacha wazi saa zile zile za hatari. Mwombe daktari akupangie saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Ikikaa mwilini saa 24 kila siku, mwili huizoea na nguvu yake huisha. Mchana hulindwa na vidonge vya kulegeza mishipa, amlodipini au diltiazemu, ambavyo ndivyo tiba yenyewe. Plasta ni msaidizi.

Plasta iliyoandikwa 5 mg kwa saa 24 hutoa takriban 0.2 mg kwa saa, na wengi huanzia hapo. Kichwa kitauma siku za mwanzo, Panadol hutosha. Bandika kifuani au juu ya mkono, pakavu, pasipo nywele wala mafuta, na ubadilishe mahali kila siku. Joto la Kisumu ni adui mara mbili: jasho huibandua, na boksi linatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25. Nakuru kosa ni jingine, chupa ya maji moto juu ya plasta. Joto hilo huharakisha dawa kuingia, presha ikashuka. Ukiibandua, ikunje gundi ikiwa ndani uitupe mbali na watoto, maana dawa bado imo.

Marhamu ya nitrogliserini ya asilimia 2 hufanya kazi ile ile: inchi moja ni takriban 15 mg, hupimwa kwa karatasi yake, hutandazwa bila kusugua. Tunaipa alama ndogo. Huchafua nguo, na anayempaka mgonjwa bila glavu huumwa kichwa yeye. Ile ya asilimia 0.4 ni ya mpasuko wa njia ya haja kubwa, usikubali kuuziwa badala yake. Dawa za kuchua zenye mentholi hazifiki kwenye mishipa ya moyo hata kidogo.

Shambulio likianza, plasta imechelewa. Kaa chini, weka kidonge cha nitrogliserini chini ya ulimi; dakika tano zikipita bila nafuu, hospitali. Vidonge hivyo vibaki kwenye chupa yao ya kioo, na kwa kawaida hutupwa wiki 8 baada ya kufunguliwa.

Viagra na jamii yake ni marufuku kabisa na dawa hii, presha huporomoka. Propranololi, dawa ya presha na moyo, yaweza kuzidisha mkazo wa mishipa. Sigara na miraa vilevile, na hapo hakuna plasta itakayokuokoa.