Galaxy Z Fold5 mkononi mwa msomaji: tathmini ya kioo kinachokunjika

Samsung Galaxy Z Fold5, iliyozinduliwa Seoul mwezi Julai 2023, ni simu ambayo karibu thamani yake yote imo katika kioo chake cha ndani, chenye ukubwa wa inchi 7.6 kikipimwa kutoka pembe hadi pembe. Kamera zake ni nzuri na prosesa yake ya Snapdragon 8 Gen 2 bado ina nguvu, lakini hayo unaweza kuyapata katika simu ya kawaida kwa bei ya chini zaidi. Mimi naitumia katika kazi ya kuhariri miswada na kusoma nyaraka ndefu za PDF, mara nyingi nikiwa safarini au kwenye foleni za Dar es Salaam, na maoni yangu ni kwamba kwa mtu ambaye siku yake inapita katika kusoma na kuandika, kifaa hiki kinastahili gharama yake. Kwa mtu ambaye kazi yake iko kwenye vumbi, ningemshauri asubiri.

Swali ninaloulizwa kila ninapoifungua mbele ya watu ni jinsi gani tachi inafanya kazi mahali kioo kinapopinda. Simu zetu za tachi hutambua kidole kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme: kidole kikigusa, kiasi cha chaji katika wavu uliofichwa chini ya kioo hubadilika, na simu hujua ni wapi hasa umegusa. Kwa miaka mingi wavu huo umetengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati, ambayo inapitisha mwanga vizuri lakini huvunjika upesi, hupata nyufa ikipindwa mara kwa mara. Ndiyo maana watengenezaji wa vioo vya kukunja wamegeukia nyuzi za metali nyembamba mno zisizoonekana kwa macho, zinazovumilia kupinda. Picha nayo hutoka kwenye OLED, aina ya skrini ambayo kila nukta yake hujitolea mwanga, kwa hiyo hakuna taa ngumu ya nyuma inayohitaji kulala bapa. Juu ya hayo kuna kioo halisi chenye unene wa maikromita 30 hivi, teknolojia ambayo Samsung iliitumia kwanza katika Galaxy Z Flip, simu yake nyingine ya kukunja, ya mwaka 2020, na juu ya kioo hicho kuna karatasi ya plastiki. Tabaka zote zimeunganishwa kwa gundi laini, kwa sababu zikikunjwa, za upande mmoja huvutika na za upande wa pili hubanwa, na kama haziwezi kuteleza kidogo, zitapasuka.

Mkunjo wa katikati upo, na hakuna sababu ya kuuficha. Ukipitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia, kidole kinazama kidogo katikati kisha kinapanda tena, na taa ya pembeni ikiwaka unauona kama mfereji mwembamba unaopita kioo chote kutoka juu hadi chini. Ukiitazama simu uso kwa uso, ukurasa mweupe ukiwa wazi, jicho linausahau. Jambo la maana zaidi ni kwamba tachi haipungui hata kidogo hapo katikati: herufi za kibodi zilizo juu ya mkunjo zinakubali kidole sawa na zile za pembeni, na mstari uliochorwa kwa kalamu kuvuka mkunjo unabaki mmoja, haukatiki wala haurukiruki.

Kalamu hiyo, S Pen, inauzwa peke yake, na ni lazima iwe inayokubaliwa na Fold, ambayo ncha yake hurudi ndani ukikandamiza kupita kiasi. S Pen ya simu nyingine za Samsung inaweza kuharibu kioo, na kioo cha nje hakipokei kalamu kabisa. Kwa mhariri, kalamu hii ndiyo inayobadilisha kila kitu. Ninafungua ukurasa wa mswada, nakata neno kwa mstari mmoja, nazungushia sentensi isiyokaa sawa, naandika pembeni kwa mwandiko wangu, kisha namtumia mwandishi ukurasa ule ule na alama zake zote. Kiganja kikilala juu ya kioo wakati naandika, simu inajua kwamba huo ni mkono uliopumzika, haikichukulii kuwa ni mguso. Kazi hiyo niliizoea kwenye karatasi, na sijawahi kuifanya kwa raha kwenye kioo cha simu ya kawaida, ambapo kila ukurasa wa PDF unakulazimu kuuvuta na kuusogeza ndipo usome mstari mzima.

Uzuri wa pili unaonekana simu ikiwa imekunjwa nusu. Bawaba yake inasimama katika pembe nyingi za katikati utakazoiacha, na programu zinazoelewa hali hiyo hujigawa zenyewe: nusu ya juu inabaki na picha, nusu ya chini inabaki na vitufe. Katika mkutano wa video unaiweka mezani bila kuhitaji kitu cha kuiegemeza, watu wanaonekana juu, na vidole vyako vinafanya kazi chini. Nusu hiyo ya chini inaweza pia kugeuzwa kuwa padi ya kugusa kama ya kompyuta mpakato, ukatembeza kishale kwa kidole bila kuziba kile unachokitazama. Hapa ndipo ninapoona mkunjo una kazi yake, kwa maana kifaa kinapokea amri mbili kwa pamoja, ya kidole na ya pembe ambayo mikono imeipa simu. Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 2011 maabara ya Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, ikiongozwa na Roel Vertegaal, ilionyesha PaperPhone, kifaa laini kilichoendeshwa kwa kukunja kona zake, na leo bado ningetamani watengenezaji wangethubutu kwenda mbali zaidi katika njia hiyo.

Kioo kikiwa wazi chote, unaweza kuweka mswada upande mmoja na WhatsApp upande wa pili, ukashika aya kwa kidole, ukaiburuta na kuiachia kwenye mazungumzo. Orodha ya programu inayokaa sehemu ya chini ya kioo inafanya kubadilisha kazi kuwe kwepesi sana. Zipo programu ambazo hazijajiandaa kwa kioo cha umbo hili, hasa za benki na za huduma za malipo. Nyingine hujivuta mpaka vitufe vinakaa mbali na vidole gumba, nyingine huacha ukanda mweusi kila upande.

Kioo cha nje cha inchi 6.2 ni kirefu na chembamba. Kinatosha kupokea simu, kusoma ujumbe na kulipa nauli, lakini kuandika Kiswahili juu yake kunachosha, kwa sababu maneno yetu ni marefu na vitufe vimebanana. Uzito ni gramu 253, na kwenye mfuko wa shati unausikia.

Sasa vumbi. Fold5 ina kiwango cha IPX8, kipimo cha jinsi kifaa kinavyozuia vumbi na maji, na watu wengi wanaona namba nane wakadhani wamemaliza. Nane inahusu maji: kuzama katika maji yasiyo na chumvi, kina cha mita 1.5, kwa dakika 30. Herufi X inamaanisha kwamba hakuna kiwango chochote cha kuzuia vumbi kilichotajwa. Kwa mkazi wa pwani hayo ni mambo mawili ya kuzingatia kwa wakati mmoja, kwa sababu maji ya bahari hayamo katika ahadi hiyo, na mchanga wa ufukweni ndio adui mkubwa wa bawaba. Fold6 ya mwaka 2024 na Fold7 ya mwaka 2025 zina kiwango cha IP48, ambacho nne yake inahusu chembe zinazozidi milimita moja. Vumbi la barabara ya changarawe ni dogo kuliko hapo. Anayeimiliki simu ya namna hii aifute kioo cha ndani kabla ya kuifunga, maana punje moja ya mchanga ikibanwa katikati ya pande mbili inaacha alama isiyofutika.

Karatasi ya plastiki iliyo juu ya kioo cha ndani nayo inahitaji kueleweka. Inaonekana kama protekta ya kawaida, lakini ni sehemu ya ulinzi wa kioo, na ukucha mrefu au ufunguo unaweza kuichora. Mwaka 2019 Galaxy Fold ya kwanza iliahirishwa kutoka Aprili hadi Septemba baada ya vioo vya baadhi ya waandishi waliopewa kuijaribu kuharibika kwa siku chache, wengine wakiwa wameibandua karatasi hiyo kwa kudhani ni ya kifungashio. Fundi mmoja wa Kariakoo alinishauri kwa nia njema niibandue yangu ili abandike ya kioo kigumu. Kioo kigumu hakikunjiki, na nilimshukuru nikaondoka. Karatasi hiyo ikianza kuinuka kwenye mkunjo, ibadilishwe na kituo kinachotambuliwa na kampuni.

Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 1,799 huko Marekani, na hata leo kioo cha ndani kikiharibika, gharama ya kukibadilisha inaweza kununua simu nzuri ya kawaida. Kampuni inasema bawaba inahimili kukunjwa mara 200,000, ambayo kwa mtu anayeifungua mara mia moja kwa siku ni zaidi ya miaka mitano. Anayetaka kioo kikubwa kwa fedha kidogo aitazame Tecno Phantom V Fold ya mwaka 2023, yenye kioo cha ndani cha inchi 7.85, cha nje kipana cha inchi 6.42 kinachofaa zaidi kwa kuandika, na betri ya mAh 5,000 dhidi ya 4,400 ya Fold5. Fold7 ni nyepesi mno, gramu 215, na kioo chake kimefika inchi 8, lakini haipokei S Pen, na kwa sababu hiyo peke yake mimi naendelea na Fold5.

Wengi wetu tutaikuta ikiwa imetumika, kwenye maduka ya simu zinazotoka Dubai, na hapo ukaguzi wa dakika chache ni wa lazima. Ifungue na kuifunga taratibu usikilize bawaba. Sauti ya kusaga ni dalili ya mchanga. Weka picha nyeupe, uangalie kama kuna mstari au doa jeusi juu ya mkunjo. Shika alama ya programu kwa kidole uizungushe kioo chote bila kuinua, ukipita polepole juu ya mkunjo kutoka juu hadi chini. Ikidondoka popote, huenda wavu wa tachi umeanza kukatika hapo. Kisha bonyeza nyota, reli, sifuri, nyota, reli (*#0*#) kwenye sehemu ya kupiga simu, uchague kipimo cha tachi, ujaze visanduku vyote kwa kidole. Muuzaji akikataa usifanye hivyo, irudishe mezani na uende duka jingine.