Nilipeleka mise zangu kwenye mashine, nimerudi na hasira

Nimekaa na jambo hili tangu mvua zianze na bado halijanitoka. Unayetaka kukamua mise hapa Kigoma, soma kwanza.

Kwa mlio mbali: mise ni kiini kilicho ndani ya kokwa la chikichi. Watu wakishatoa mawese kwenye nyama ya tunda, makokwa hutupwa malundo kwa malundo, mengine yanaishia jikoni kuwashia moto. Sisi akina mama tunayaokota, tunayaanika, tunayapasua kwa jiwe mpaka vidole vinavimba. Karibu nusu ya uzito wa kile kiini ni mafuta. Nusu nzima, na watu wanapita wanakanyaga!

Miaka yote nimekamua kwa mkono. Unakaanga mise kwenye sufuria mpaka ziwe nyeusi na zianze kutoa mafuta zenyewe, unatwanga kwenye kinu, unachemsha na maji, mafuta yakielea unaengua. Kisha unayarudisha motoni mpaka maji yaliyobaki yakauke kabisa, maana yakibaki mafuta hayakai, yanaharibika harufu upesi. Kazi ya siku nzima na kuni zake, na moshi machoni. Mabega yangu hayawezi tena, ndiyo maana nikapanda gari na magunia yangu kwenda mashineni, upande wa Mwandiga. Jina la pale silitaji.

Kijana aliyekuwa kwenye mashine ana umri wa kitinda mimba wangu. Shikamoo hakuna. Akachota mise kiganjani, akazitazama, akasema mbele ya foleni nzima, "Mama, hizi mbichi, zina maji. Usije ukanilaumu." Mbichi! Mise nilizozianika kwenye turubai mpaka ukiuma moja inakatika kwa mlio. Nikamwambia, mwanangu, uma moja uone. Hakuuma. Akamwaga gunia lote kwenye mdomo wa mashine, za baridi vile vile, bila kuzipasha moto, na kila anayejua mise anajua kuwa joto ndilo linalolegeza mafuta yatoke.

Mafuta yakatoka kidogo, kidogo mno. Mimi nikaenda upande wa pili yanakotokea mashudu, yaani makapi ya mise zilizokamuliwa, nikachukua konzi moja nikaminya. Mafuta yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko! Mashine iliyokazwa vizuri huacha chini ya sehemu moja ya kumi ya mafuta kwenye mashudu. Yale yangu yalikuwa yanang'aa. Fundi mmoja wa mashine aliyekuwa foleni akaninong'oneza kuwa skrubu ya ndani imelika, kwa sababu wanapitisha mise zenye vipande vya ganda, na ganda la chikichi la kienyeji ni gumu na nene.

Nikaomba mashudu yangu. Yule kijana akasema, "Mashudu ni ya mashine." Nikamuuliza, hayo yalikuwa kwenye makubaliano gani? Akanigeuzia mgongo. "Kama hutaki, rudi na kinu chako, mama. Wengine wanasubiri."

Pesa ya kukamua nilishatoa. Mafuta yangu yamebaki kwenye mashudu, na mashudu yamebaki kwake. Viwanda vikubwa hukamua mashudu ya namna hiyo mara ya pili kwa heksani, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 69 tu, kikavuta mafuta mpaka isibaki hata sehemu moja kwa mia. Hicho si cha kuchezea nyumbani, kinawaka vibaya mno. Lakini kinaonyesha kuwa hakuna mwenye akili anayetupa mashudu yenye mafuta. Hata wafugaji wa nguruwe wanayanunua. Kijana alijua anachokishika.

Kwa hiyo nasema kinu ni bora. Kinu hakinitukani.

Lakini lazima niseme na hili, maana ni kweli: yale mafuta machache niliyopata ni mazuri kuliko yangu ya sufuria. Yangu huwa ya kahawia iliyoiva na yana harufu ya kuungua. Haya ni ya manjano hafifu, mepesi, nimekaangia migebuka na watoto hawakuuliza kitu. Asubuhi yenye baridi yanaganda yakawa meupe. Jirani akadhani nimechakachuliwa. Hapana, mafuta ya mise ndivyo yalivyo, yakipata joto la mchana yanayeyuka yenyewe. Na kwa kinu, hata nitwange vipi, mengi hubaki kwenye chicha. Mashine nzima, yenye skrubu nzima, mise zikapashwa moto kwanza, inakishinda kinu kwa mbali. Nakubali. Ndicho kinachoniuma zaidi: kitu kizuri kimewekwa mikononi mwa mtu asiyejali.

Nimesikia kuna mashine nyingine njia ya Ujiji ambayo unakaanga mise zako hapo hapo na unaondoka na mashudu yako. Nitakwenda, ila safari hii naanza na ndoo moja, na mashudu nitayaminya kabla sijatoa hata shilingi.

Na wewe mwenye mashine ya Mwandiga, ukiyaona haya: badilisha skrubu, bandika ukutani mashudu ni ya nani, na mashudu yangu ya siku ile nayadai bado.