Mstari mweupe juu ya kanzu nyeupe: uzoefu wangu na mfumo wa kupandisha habari

Jina la mfumo silitaji. Mkataba wake bado uko mezani kwa bosi na sitaki kuitwa ofisini kujieleza. Wenzangu wa vyumba vya habari mtautambua wenyewe: ni ule ambao ukifungua dirisha la kukropu picha, mstari unaoonyesha pa kukatia ni mweupe, mwembamba kama uzi, na hauna kingine chochote cha kuusaidia.

Mweupe! Jamani, aliyechora kitu hiki amewahi kushuka Dodoma hata siku moja? Picha zetu nusu yake ni nje, saa saba mchana, anga limepauka, vumbi linapepea, nyuma kuna maturubai meupe na mbele kuna wazee wa kanzu. Ukienda Mtumba, kwenye mji wa serikali, kuna kuta mpya zinazorudisha jua lote machoni. Unafungua picha ya namna hiyo, unajua mstari upo mahali fulani, unausaka kwa mausi. Ni kama kutafuta chumvi iliyomwagika kwenye unga. Na lile eneo linaloachwa nje, ambalo programu nyingine hulitia giza ili ujue hapa panabaki na hapa panakwenda, hawa wamelipaka ukungu mwepesi, nao mweupe! Kwa hiyo picha yenye mwanga mwingi unaiona nzima, na unabonyeza "Hifadhi" kwa amani kabisa.

Nilivumilia muda mrefu. Kilichonitoa uvumilivu ni sherehe moja ya uzinduzi upande wa Chamwino, kipindi cha Bunge la bajeti, wakati ambao kila mtu jijini hapa ana tukio na kila tukio lina mgeni rasmi. Mpiga picha wetu alileta kitu kizuri mno. Akina mama wa Kigogo wamebana ngoma zao za muheme katikati ya magoti, vumbi limewapanda mpaka viunoni, na nyuma yao wageni wamesimama mstari mmoja wakicheka kwelikweli, si kile kicheko cha kuagizwa. Nikaikropu. Kwenye dirisha niliona watu wote. Nikaandika maelezo ya picha: mgeni rasmi, wa tatu kushoto. Nikarusha.

Kwenye kompyuta ilikaa vizuri. Kwenye simu, ambako ndiko wasomaji wetu karibu wote waliko, wakatokea watu wawili na mkono. Mkono wa mtu wa tatu, umeshika mkasi wa kukatia utepe. Maoni chini ya habari hamkuyaona nyie. Mmoja aliuliza kama wa tatu kushoto ameshapanda treni ya SGR kurudi Dar. Mwingine akasema angalau mkasi umehudhuria. Baada ya muda afisa habari akapiga, kwa sauti ile ya upole inayotisha kuliko matusi: "Dada yangu, mgeni wetu mmempeleka wapi?"

Ilivyo ni hivi. Mfumo hukata picha moja mara tatu: ile pana ya 16:9 ya ukurasa wa mbele, mraba wa orodha ya habari kwenye simu, na ile ya pikseli 1200 kwa 630 inayotokea mtu akituma kiungo. Dirishani unaonyeshwa ya kwanza tu. Hizo mbili unakatiwa kimyakimya, kutoka katikati ya picha, hata kama katikati hakuna mtu bali nguzo ya turubai. WordPress, mfumo mwingine wa kuendeshea tovuti, nayo hukata kijipicha chake cha 150 kwa 150 hivyohivyo, kutoka katikati bila kukuuliza, lakini WordPress unaipata bure. Hawa tunawalipa.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea kijana, akaanza vizuri: "Shikamoo mama." Marahaba, nikamweleza. Akaniambia niongeze mwanga wa skrini. Nikaongeza, na mstari ukazidi kupotea, maana sasa kila kitu kilikuwa cheupe zaidi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha, na hili nalinukuu neno kwa neno: "Labda mama ni suala la miwani."

Sivai miwani. Na ningevaa, ingekuwa hoja? Kijana, mimi nasoma herufi za chini kabisa kwenye hati za zabuni kila wiki. Nikamwambia kuna mwongozo wa kimataifa, WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unaotaka alama muhimu na sehemu za kubonyeza zitofautiane na rangi ya jirani kwa uwiano usiopungua 3 kwa 1, na kwamba mstari mweupe juu ya kanzu nyeupe ni 1 kwa 1, yaani sifuri ya msaada. Jibu lake: "Hiyo ni ya tovuti, mama, huu ni mfumo." Mfumo wenyewe tunaufungua kwa kivinjari cha Chrome, kama tovuti yoyote! Akamalizia na ile sentensi ya wauzaji wote duniani, kwamba wateja wengine hawajalalamika. Nikakata simu kabla sijasema neno ambalo mama yangu angelisikia mpaka Kondoa.

Mpiga picha wetu ndiye aliyegundua siri. "Dada, hebu weka picha ya ndani ya ukumbi wa Bunge." Nikaweka. Suti nyeusi, viti, mwanga wa taa, na mstari ukaonekana wazi kama barabara. Hapo nikaelewa kwa nini siku ya maonyesho mabosi wetu walipiga makofi. Walionyeshwa suti. Hakuna aliyewaletea picha ya kanzu wala ya mkulima wa zabibu amesimama juani.

Na dawa yake si ngeni. Mstari wa rangi mbili, mweusi na mweupe vimefuatana, unaonekana juu ya picha yoyote. Lightroom, programu ya kuhariri picha, ukikropu inakuwekea gridi ya theluthi, yaani mistari inayoigawa picha mara tatu kila upande, na ukibonyeza herufi O inabadilisha aina ya gridi. Hata kukatiwa picha bila kuulizwa si kesi mpya: Twitter ilishambuliwa sana mwaka 2020 kwa sababu ya programu yake iliyokuwa ikichagua yenyewe sehemu ya picha ya kubakiza, na 2021 ikaanza kuonyesha picha nzima kwenye simu. Kampuni kubwa kiasi kile ilikubali mwenye picha ajue kinachokatwa. Yetu ilinishauri miwani.

Nilikuwa nimeshaiandika barua ya kuomba tuhame. Kisha asubuhi moja nikafungua mfumo na nikadhani nimekosea mlango. Mstari: mweusi na mweupe. Nje ya mstari: giza, giza la haki. Pembeni, zile picha tatu zimepangwa pamoja, unavuta kona moja na zote zinasogea mbele ya macho yako. Kuna na kialama cha duara unachokiweka juu ya uso wa mtu, na vipande vyote vitatu vinamfuata popote alipo. Nilipiga kelele mpaka mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma akadhani umeme umerudi. Nikairudisha picha ya muheme (wanatunza picha asilia bila kuigusa, hilo nawapa, siku zote wamelitunza), nikaweka alama kwa mgeni rasmi, na mraba ukamchukua yeye pamoja na mama mmoja na ngoma yake. Picha ya simu ikawa nzuri kuliko ya kompyuta! Kwa dakika kadhaa niliupenda mfumo ule kwa dhati.

Halafu nikasoma tangazo lao. Kwamba maboresho hayo yametokana na "maoni ya wateja wetu wengi". Wengi wepi? Si mliniambia hakuna aliyelalamika?

Na nilipozoea kidogo nikaona jingine. Zile picha tatu za pembeni zimefichwa nyuma ya kimshale, kidogo, cha kijivu juu ya kijivu. Ukikifungua leo, kesho kimejifunga. Yaani wamechukua kitu bora kuliko vyote walivyowahi kutengeneza wakakipa mlango usioonekana. Yule mwanafunzi alifanya kazi siku kadhaa bila kujua kipo, na simlaumu hata kidogo.

Bosi ameniuliza tuendelee nao au la. Nimemwambia tuendelee, kwa mwaka mmoja, si mitatu wanayoitaka, kwa sharti kwamba mafunzo waje kuyafanyia hapa Dodoma, nje, mchana, na nitawapa mimi picha za kujaribia. Kijana wa miwani akija naye sawa, nitampokea, chai atakunywa.

Nimewapa nyota nne. Kabla sijatuma nimekuta kimshale kimejifunga tena. Tatu.