Kutengeneza muziki Lubumbashi: ununue nini kwanza, nini mwisho

Mdogo wangu mmoja wa Katuba alikuja kwangu na mikro (kipaza sauti) mpya ya kondensa, aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi, bado iko kwenye sanduku lake. Aliiwekea akiba miezi mingi. Tukaichomeka kwenye laptopu: kimya. Mikro ya aina hiyo hailii mpaka ipate volti 48, na volti hizo kwa kawaida zinatoka kwenye kadi ya sauti ya nje, kisanduku kinachounganisha mikro na kompyuta. Yeye hakuwa na kadi, na aliyemuuzia hakumwambia. Iliniuma. Kwa hiyo naandika mpangilio ambao ningependa kila anayeanza aufuate kabla hajaingia dukani.

1. Kaske (hedifoni) ya waya

Najua wengi wataanza na mikro au spika kubwa. Mimi naweka kaske mbele, kwa sababu biti, besi, sauti ya mwimbaji, kila utakachojifunza kukipanga, utakipanga kwa sikio. Kama sikio linadanganywa, hata programu ya bei kali haitakuokoa. Tafuta kaske iliyofunga sikio lote, ili jenereta ya jirani isiingie. Sony MDR-7506 na Audio-Technica ATH-M40x zinaaminika studio nyingi. ATH-M20x ni ya bei nafuu na inatosha kuanzia. Za Bluetooth ziache kwa kusikiliza tu: sauti inachelewa, unapiga ngoma sasa, unaisikia baadaye.

Ukienda kujaribu, beba wimbo wa rumba unaoujua kwa moyo. Subiri sebene ianze, ile sehemu ya mwisho ya kasi ambapo magitaa yanatawala. Je, unaweza kulifuata gitaa la solo peke yake, kisha la mi-solo (la kati), kisha akompa (la kusindikiza), bila besi kuyameza? Halafu kamata waya pale unapoingia kwenye plagi, uzungushe polepole. Upande mmoja ukikatika, hata kidogo, rudisha.

2. Laptopu

Usidanganywe na kompyuta ya mezani kwa sababu ni ya bei rahisi. Hapa umeme ukikatika, kazi ya saa tatu inaondoka nayo. RAM isiwe chini ya GB 8 (16 ni bora zaidi) na diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Kama ni iliyotumika, chomoa chaja mbele ya muuzaji, fungua programu ya muziki, ongeza vyombo kimoja kimoja, kaa nusu saa. Betri mbovu itajionyesha yenyewe.

Jambo moja la kuelewa mapema: kompyuta kwa kawaida inakata sauti vipande 44,100 kwa sekunde, na inavikusanya mafungu mafungu (kwenye programu utaona neno “buffer”) kabla ya kuvitoa. Fungu la vipande 256 ni ucheleweshaji wa karibu milisekunde 6. La 1,024 ni karibu 23, na hapo kidole kinaanza kuhisi. Wakati wa kupiga, punguza fungu. Wakati wa kuchanganya sauti, liongeze, mashine ipumue.

3. Programu

FL Studio ndiyo vijana wengi wanaanza nayo, na ukishailipia unapata matoleo mapya bila malipo maisha yote. Toleo la majaribio linahifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena, kwa hiyo toa faili ya sauti kabla ya kufunga. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, kisha leseni ya mtu wa kipato kidogo ni dola 60. LMMS ni bure kabisa. Huna laptopu bado? Weka BandLab kwenye simu, anza leo.

4. Kadi ya sauti na mikro, kwa pamoja

Kadi kama Focusrite Scarlett Solo au Behringer UMC22 zinatosha mtu mmoja, na zote zinatoa volti 48. Lakini kwa nyumba zetu za mabati nachagua mikro ya dinamiki, aina isiyo ya kondensa, Shure SM58 kwa mfano. Haihitaji hizo volti, na haichukui kila kelele ya uwanja. Ila mvua ya Januari ikipiga bati, hakuna mikro itakayokusaidia, subiri ipite.

5. Kinanda cha MIDI

Hiki hakina sauti yake, kinaiambia kompyuta noti gani ipige. Akai MPK Mini ya vibonye 25 ni nzuri. Lakini herufi za laptopu zinapiga noti pia. Kinaweza kungoja.

6. Spika za studio

Mwisho kabisa. Wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Ndani ya chumba cha mita 3 cha matofali, besi inarundikana konani na kupotea katikati, nawe unasahihisha kosa ambalo halimo kwenye wimbo.

Mpangilio huu naubadilisha kwa mtu mmoja tu: yule ambaye muziki wake ni gitaa kavu (lisilo la umeme) na sauti, kwa njia ya Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa mashuhuri wa Bunkeya, Katanga. Huyo anunue kadi na mikro mara tu baada ya laptopu, hata kama kaske yake bado ni ya kuazima.