Callie's Hot Little Biscuit, Charleston: nilichokula, na cha kuuliza kabla hujaagiza

Callie's ni duka la biskuti mjini Charleston, jimbo la South Carolina, Marekani. Kwa msomaji mwenye haraka: nenda asubuhi, agiza biskuti ya siagi na mtindi bila kupaka kitu, na uile ukiwa bado umesimama. Vingine vilivyoandikwa ubaoni vinaweza kusubiri.

Biskuti za kusini mwa Marekani hazihusiani na zile kavu za pakiti tunazochovya kwenye chai. Ni vimkate vidogo vya chumvichumvi, havina hamira, juu vina ukoko mwembamba na ndani ni laini, na huliwa vikiwa vya moto. Kusini kote utavikuta, hadi kwenye vituo vya mafuta, lakini vingi vimekaa chini ya taa ya joto tangu alfajiri na vimeshakuwa vizito. Nilikuwa nimeishi Marekani kwa muda mrefu nikiamini kwamba sivipendi. Kumbe nilikuwa sijawahi kula kilichotoka ovenini muda huo huo.

Callie's ipo King Street, sehemu ya juu, karibu na uwanja wa Marion Square. Duka lenyewe ni dogo mno: kaunta, oveni, na watu wamebanana. Usije na familia nzima ukitegemea meza na mhudumu. Unaagiza, unalipa, unapewa chako, unampisha mwenzako. Sisi tulikwenda kulia Marion Square, na kama ni Jumamosi ya msimu wa soko la wakulima utapata pia mboga na matunda hapo hapo. Bei iliyoandikwa siyo utakayolipa, maana kodi huongezwa wakati wa kulipa, kisha kioo cha mashine ya kulipia kinageuzwa kwako kikuulize bakshishi. Wageni wengi hushtuka. Ndivyo ilivyo karibu nchi nzima, si hapo tu.

Biashara hii ilianzishwa mwaka 2005 na Carrie Morey pamoja na mama yake, Callie White, na jina la duka ni la huyo mama. Biskuti zao ni ndogo kuliko za kawaida za kusini, na kwangu hilo ndilo jambo la akili kuliko yote, kwa sababu unaweza kuonja aina tatu bila kushindwa kutembea baadaye.

Ile ya siagi na mtindi ndiyo kipimo. Ukiipasua kwa vidole inaachana tabaka kwa tabaka, kama chapati ya kukunja iliyopakwa samli vizuri, na sababu ni ile ile: mafuta yamekaa kati ya unga na unga. Vipande vya siagi baridi vinapoingia kwenye oveni kali, maji yaliyomo ndani yake yanageuka mvuke na kuinua donge. Mapishi yao yanajulikana, wameyachapisha wenyewe: unga uliokwisha kuchanganywa na beking pauda na chumvi, siagi, jibini laini ya krimu, na mtindi. Donge linaachwa likiwa majimaji na linanata, halikandwi. Unga wanaoupendelea ni White Lily, ulioanzia Knoxville, Tennessee, mwaka 1883, wa ngano laini yenye protini kidogo. Mke wangu, mtu wa Tanga ambaye hashindwi na unga wowote, alijaribu nyumbani kwa unga wetu wa chapati na akatoa vitu vya kutupiana. Unga wa chapati unataka kuvutika. Huu unataka kumeguka. Na ukikata donge, kata wima bila kuzungusha kikombe, la sivyo pembeni panaziba na biskuti haipandi.

Ya jibini na majani ya vitunguu niliipenda karibu sawa na ya kwanza. Ya mdalasini ni tamu, watoto wataigombania, mimi nilitosheka na nusu. Jibini ya pimento, yaani jibini iliyokunwa na kuchanganywa na mayonezi na pilipili tamu nyekundu, ni chakula cha kusini hasa, na ndani ya biskuti ya moto inalainika na kuingia kwenye tabaka. Wana pia grits, ambao ni uji mzito wa mahindi yaliyopaazwa. Aliyekulia kwenye ugali hatauona mgeni, isipokuwa siagi iliyomo.

Sasa suala la nguruwe, maana najua wengi mtauliza. Biskuti za kusini kwa desturi zilipikwa kwa shahamu ya nguruwe, na migahawa mingi bado inafanya hivyo. Kwa hiyo popote uendapo, uliza mafuta gani yametumika kabla hujauliza bei. Mapishi ya Callie's niliyoyataja ni ya siagi. Hata hivyo wanauza pia biskuti ya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, kwa kaunta hiyo hiyo, na kila mtu ataamua mwenyewe kama hilo linamtosha au halimtoshi. Kwingineko jihadhari pia na mchuzi mweupe unaomwagiwa juu ya biskuti: unaonekana ni maziwa matupu, na kumbe ndani ni soseji ya nguruwe.

Chai usitegemee. Ukisema chai huku kusini unaletewa bilauri ya barafu yenye sukari ya kutosha kupikia visheti. Chukua kahawa.

Jambo moja lilinikaa kichwani tukiwa tunakula. Kabla ya beking pauda kuenea katika karne ya 19, palikuwa na biskuti za kupigwa: donge lilitwangwa kwa rungu nusu saa au zaidi ili lipate hewa. Kazi hiyo katika nyumba za wenye mali ilifanywa na wapishi waliokuwa watumwa, na Charleston ilikuwa bandari kubwa ya kuwaingiza Marekani. Mwaka 2023 ilifunguliwa International African American Museum mahali palipokuwa gati la Gadsden's Wharf, waliposhushwa maelfu yao. Ukipata siku nzima mjini, kula asubuhi kisha nenda huko. Panga saa kadhaa, usiende kwa kupita tu.

Biskuti zao huuzwa pia zikiwa zimegandishwa, na wanazisafirisha majimbo mengine. Zipashe kwenye oveni, kamwe si kwenye maikrowevu, ambayo inazifanya sponji. Zikitoka ni nzuri kweli, ingawa ukoko wa juu haufiki ule wa King Street. Kwa mtu anayeishi mbali kama mimi, nitaendelea kuagiza za jibini; za siagi nitazifuata mwenyewe Charleston.